Kompyuta Imesema Mama Amekufa

Bungoma,
11 Februari 2025

Mdogo wangu Nelima,

Habari za Kitale na baridi yenu? Sisi huku jua limetukausha na mvua tunaisikia tu kwenye redio. Wifi yako Fridah anakusalimu sana. Kuku wake wameanza kutaga tena na sasa hapa nyumbani hatuna mazungumzo mengine. Kibanda changu kiko palepale karibu na reli, na vijana wa boda wananiletea injini zilizokufa pamoja na hadithi ndefu za jinsi zilivyokufa zenyewe bila wao kuzigusa. Ian anaendeleaje? Mwambie mjomba wake anataka kuona ripoti ya shule, asifikiri nimesahau.

Ulinikataza kukupigia na kukutumia ujumbe tangu kampuni yenu iwawekee ile programu ya kuwachunguza kwenye simu. Mwanzoni nilicheka, nikamwambia Fridah kwamba siku hizi dada yangu anaogopa simu. Leo nimekaa na kalamu kama mtoto wa darasa la nne, maana jambo lenyewe sitaki mtu mwingine alisikie.

Jana nilimpeleka mama hospitali kwa dawa yake ya kansa. Bima ya serikali ilishafika mwisho, kwa hiyo nikatoa kadi ya bima ya kampuni yenu kama kawaida. Msichana wa mapokezi akaiingiza, akaangalia kompyuta, akamwangalia mama, akaangalia kompyuta tena. Akaniita kando. Mama naye akasogea, unamjua alivyo.

"Mzee, hii kadi imefungwa," akasema yule msichana. "Inaonyesha mwenye kadi ni marehemu."

"Marehemu gani?" mama akauliza.

"Nasambu Wanyonyi."

"Si ndiye mimi? Ati nimekufa? Nimekufa lini, na nani alinizika?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka. Tulirudi bila dawa, na tulipofika nyumbani akaingia chumbani akalala mchana mzima. Sasa maneno yamefika kwa wazee wa ukoo, na mmoja anasema mtu aliyetangazwa kafa akiwa hai hawezi kuachwa hivihivi, lazima watu wakutane wamwombee. Mama amekataa, anasema wataomba siku akifa kweli.

Nenda kwa yule Bwana Rotich wa ofisi ya wafanyakazi. Ni muungwana, alikuja hadi matanga ya baba na akakaa. Atalitoa kosa hilo mara moja. Dawa ya mama haiwezi kungoja.

Kaka yako,
Festus


Kitale,
19 Februari 2025

Kaka Festus,

Pokea salamu zangu, na mpe Fridah pole kwa ajili yako na hongera kwa ajili ya kuku. Huku trekta zimeanza kulima na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Ian amekuwa mrefu na anakula kana kwamba amelipwa kufanya hivyo. Mimi ni shingo tu inayoniuma kwa kukazia macho skrini. Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi siku kadhaa kwa sababu siruhusiwi kutoka mchana kuichukua.

Rotich hayupo tena. Walimstaafisha Novemba, na kwenye ofisi yake wameweka mashine ya kahawa. Kazi yake yote anaifanya mfumo mmoja wa kompyuta ambao sisi tunauita Mwenyewe. Ukiingia kazini, Mwenyewe anajua. Ukienda msalani, Mwenyewe anahesabu. Ukiacha kuandika kidogo ili umsikilize vizuri mkulima aliye kwenye simu, skrini inakuwa ya manjano, halafu nyekundu, na nyekundu zikijaa unapata onyo. Rafiki yangu Peris alilalamika kwa mumewe kwa ujumbe wa simu, na kesho yake akaitwa. Labda ilitukia tu hivyo. Lakini mimi nimeogopa, ndiyo sababu nakuandikia.

Sasa keti chini. Kompyuta haikukosea. Ni mimi niliyemwua mama.

Unakumbuka mama mdogo Nangila alipotutoka kule Sirisia mwezi wa kwanza. Unakumbuka pia ni nani aliyenipigia akasema, "Nelima, huyu ndiye aliyekunyonyesha mama akiwa mgonjwa. Ukiondoka kabla ya siku ya kunyolewa nywele utatuaibisha ukoo mzima." Ni wewe, kaka. Na ulisema kweli, ndiyo maana nilikubali. Zamani ningeingia kwa Rotich, ningemweleza, naye angesema pole mama, nenda, tutaonana ukimaliza. Mwenyewe aliniletea majina manne nichague: mume au mke, mtoto, baba, mama. Mama mdogo hayumo. Nikabonyeza "mama".

Festus, naapa sikuona kama nadanganya. Kule Sirisia walininyoa pamoja na watoto wake wa tumboni na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwenyewe akanipa siku zangu na akanitumia pole yenye picha ya ua. Sikujua kwamba kwa upande wake mtu ana mama mmoja tu, na huyo jina lake ni Nasambu, na akifa kadi yake inafungwa.

Nikisema ukweli, sheria iko wazi: aliyedanganya ili apate likizo anafukuzwa. Nikifukuzwa, bima inaondoka nami. Nikinyamaza, mama anabaki marehemu. Nimelizungusha jambo hili kichwani hadi nimechoka. Nipe siku chache. Na tafadhali usimwambie mama kwamba ni mimi.

Mdogo wako,
Nelima


Bungoma,
3 Machi 2025

Nelima,

Hatujambo. Fridah anakusalimu. Mvua imetishia kidogo ikaondoka. Kijana mmoja wa boda ameniletea pikipiki iliyoingia mtoni, na samaki mdogo alikuwa ndani ya bomba la moshi. Mwambie Ian, atacheka.

Barua yako nimeisoma. Sikumwambia mama.

Nimekuwekea humu barua ya chifu yenye mhuri, inayosema Nasambu Wanyonyi yuko hai na anaishi kwangu. Nimeweka pia picha yake. Nilipomwambia tunampiga picha ya kuonyesha yuko hai, aliuliza mtu hai huvaa nini. Mwishowe akavaa kitambaa cha akina mama wa kanisa na akakataa kutabasamu, ati wasije wakafikiri amekufa akaenda mahali pazuri.

Hajapata dawa tangu siku ile. Nesi mmoja aliniambia kuruka dawa si vizuri, lakini hakueleza zaidi na sikumuuliza. Anakula vizuri. Usiwe na wasiwasi upande huo.

Peleka hivi vitu kwa meneja wako, yule Kipkirui. Mfumo ni mfumo, lakini yeye ni mtu, ana mama. Mwekee picha mezani amwangalie. Hakuna mtu anayeweza kumtazama mama machoni akasema huyu ni marehemu.

Fanya haraka, dada.

Festus


Kitale,
27 Machi 2025

Kaka Festus,

Salamu kwenu nyote. Nisamehe kwa kuchelewa. Huku watu wako mashambani, wanapanda, na simu za wakulima haziishi: huyu amekosa mbegu, yule amepelekewa mbolea ya jirani. Ian alihomahoma akapona. Alicheka kuhusu yule samaki, halafu akauliza nyanya yake anaendeleaje, nami nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria.

Peris amefukuzwa. Tulikuwa tunakula githeri pamoja, simu yake ikalia, akasoma, akaniuliza kama "kusitishwa" ni lile neno alilokuwa akifikiria. Nyekundu zake zilikuwa zimezidi. Wateja wake wamegawiwa sisi tuliobaki, kwa hiyo sasa hata kukohoa nakohoa huku naandika. Kwa muda sikuweza kufanya lolote kuhusu mama. Nilikuwa naogopa hata kuinuka kwenye kiti.

Lakini nilikwenda kwa Kipkirui. Niliweka barua ya chifu mezani, na picha juu yake. Aliiinua akaisogeza karibu na macho.

"Huyu mama anafanana na shangazi yangu wa Kapsokwony," akasema. "Nelima, mimi hapa ni mlinzi aliyevaa tai. Sifungui kitu. Sifungi kitu."

"Jaribu tu, bwana meneja."

Alijaribu, Festus, siwezi kumsingizia. Aliandika ombi la kufungua kadi. Mwenyewe akajibu kwamba ombi lazima lithibitishwe na mwenye kadi kupitia akaunti yake. Akaunti ya mama imefungwa. Imefungwa kwa nini? Kwa sababu amekufa. Tukaijaribu tena kwa njia nyingine, jibu likawa lilelile. Nikamwomba apige simu Nairobi makao makuu. Akapiga, na sauti ya mashine ikamwambia aingie kwenye mfumo.

Mwishowe akafunga mlango. "Kuna mahali pamoja," akaniambia. "Pale penye 'taarifa za uongo'. Ukiingia pale na kusema wewe mwenyewe, kumbukumbu inafutwa. Lakini ujue kinachokuja baadaye. Na mimi sijakuambia."

Nilirudi mezani kwangu. Nilifungua pale mahali. Niliandika mstari wa kwanza. Skrini ikawa ya manjano kwa sababu sikuwa nafanya kazi, na Festus, nikafunga nikapokea simu ya mkulima. Mkono wangu ulifanya hivyo kabla mimi sijaamua. Ndivyo nilivyogeuka, na nimejichukia tangu siku hiyo.

Niambie ukweli, mama yukoje? Uliandika "anakula vizuri", na pale mwandiko wako ukawa msafi ghafla. Nakujua.

Nelima


Bungoma,
5 Aprili 2025

Nelima,

Fridah anakusalimu. Mvua imekuja kwa nguvu na paa la kibanda linavuja.

Umeuliza, nakuambia. Mama hali chakula. Anachukua uji vijiko vichache akiona namtazama, halafu anampa paka. Mgongo unamuuma hadi anashika ukuta akitembea. Nilikudanganya kwa sababu nilifikiri utafanya upesi, na sikutaka kukuongezea mzigo.

Amejua. Aliniuliza waziwazi, "Festus, ni nani aliyewaambia nimekufa?" Nilijaribu kuzunguka, nikashindwa. Nikamweleza yote, likizo, Sirisia, yale majina manne. Unajua alifanya nini? Alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba alipokuwa hai. Akasema, "Lakini mtoto hakukosea. Nangila alimnyonyesha, mimi nikiwa siwezi hata kumbeba. Angeandika nini?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema nikuandikie maneno haya: usiache kazi. Ati kazi ndiyo inamsomesha Ian, na yeye ameishi, ameona wajukuu. "Kwa hao watu wa kompyuta waache niwe nimekufa. Hapa kwenu mnaniona."

Nimeyaandika kama alivyonituma. Sasa sikia yangu. Nimekasirika, Nelima, sitakuficha. Ulisema siku chache. Watu wamelima, wamepanda, mahindi yameota, wewe bado unafikiri. Mimi ndiye ninayemshika mkono akienda chooni. Mimi ndiye ninayesikia anavyojikaza asilie. Nawe unaniambia habari za skrini ya manjano!

Nilikuwa nimeandika hapa "chagua", nikakata. Ukiacha kazi, ni nani atamtibu baada ya hapo? Kibanda changu? Usipoacha, namtazama akiisha mbele ya macho yangu. Sijui nakuambia ufanye nini. Fanya kitu tu. Nakuomba, mdogo wangu, fanya kitu.

Festus


Kitale,
24 Aprili 2025

Kaka Festus,

Salamu kwa mama kwanza, kisha kwa Fridah, kisha kwako wewe uliyenikasirikia. Ulikuwa na haki. Ian amefunga shule na anaosha vyombo bila kuambiwa, kwa hiyo najua ameona kitu usoni mwangu.

Jana nilikupigia simu kwa mara ya kwanza mwaka huu nikakuambia kadi imefunguliwa, mpeleke mama upesi, ifikapo mwisho wa mwezi iwe imeshatumika. Uliniuliza mbona nalia, nikasema ni furaha. Sikusema yote. Kwa simu nisingeweza.

Nilikwenda kazini mapema, nikafungua pale mahali, nikaandika yote bila kupumzika, skrini ikageuka rangi zote ilizojaliwa nikaiacha igeuke. Niliandika kwamba Nangila alikuwa mama yangu pia. Niliandika kwamba Nasambu yuko hai na ni mgonjwa na anangoja dawa. Niliandika kama naandikia mtu, Festus, ati labda mahali fulani Nairobi kuna mtu angesoma. Halafu nikatuma.

Majibu yalikuja mawili, yakifuatana. La kwanza lilisema kumbukumbu ya mzazi wangu imerekebishwa. La pili lilisema ajira yangu imesitishwa kwa kutoa taarifa za uongo, na bima yangu na ya wanaonitegemea itakoma tarehe thelathini. Chini kabisa liliandikwa, "Asante kwa uaminifu wako." Nilitafuta mtu wa kumtukana, nikakosa.

Kipkirui alikuja mezani kwangu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kuniangalia, akaenda kusimama kwenye mashine ya kahawa. Wenzangu hawakuinuka. Wangeinukaje? Walikuwa na simu masikioni. Nilipokuwa natoka, kiti changu kilikuwa bado kina joto na simu za wakulima wangu zilikuwa zinalia kwenye meza nyingine.

Kwa hiyo ameipata kadi yake kwa siku hizi chache, na mimi sina kingine cha kumpa. Nilifanya hesabu yangu hivi: achomwe dawa hata mara moja, apate nguvu, halafu tutajua la kufanya. Usiniambie kama nilikosea.

Usimwambie mama kuhusu kazi. Aliniambia nisiache, nami nimeacha. Sitakuja kwanza. Nitamjia na uso gani? Nitazunguka hapa Kitale nitafute kitu, nikikipata ndipo nije.

Nelima


Bungoma,
4 Mei 2025

Mdogo wangu mpenzi Nelima,

Nakusalimu, na namsalimu Ian. Fridah amekuwekea mayai, anasema hayatumwi kwa kifurushi, lazima uyafuate mwenyewe. Mahindi yamefika magotini. Paa nimeziba.

Barua yako ilinifikia jana, nikaisomea ndani ya kibanda nimefunga mlango, wateja wanagonga. Maneno makali niliyokuandikia mwezi uliopita, yachome.

Nakueleza ya hospitali. Nilimpeleka kesho yake, baada ya simu yako. Alivaa gauni lake la kijani na kitambaa cha kanisa, akakataa kubebwa. Msichana alikuwa yuleyule. Akaingiza kadi, akatabasamu, akasema, "Nasambu Wanyonyi, yupo." Mama akageukia foleni yote akawaambia, "Mmesikia? Nimefufuka." Watu walicheka, na safari hii alicheka nao. Natamani ungekuwepo umwone, Nelima. Alisimama pale kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwenye simu jioni ile nilikuambia daktari amemwona. Ni kweli, alimwona. Kabla ya kumpa dawa walimpiga picha za mwili upya, kwa sababu alikuwa ameruka dawa muda mrefu. Daktari akaniita peke yangu. Ugonjwa umeingia kwenye ini na mifupani. Alisema ile dawa sasa itamtesa bure. Nilimwuliza kama angeipata tangu Februari ingekuwaje. Akasema hawezi kujua. Nimemwuliza tena siku nyingine, akasema hilohilo, na mimi nakuomba ulipokee hivyo, maana nimejaribu kulala na jibu jingine na haliwezekani. Walimpa dawa za maumivu, wakasema nimrudishe nyumbani, awe na watu wake.

Hukukosea. Umeniambia nisiseme, lakini nasema.

Sasa sikiliza kaka yako. Usizunguke Kitale ukitafuta kazi ili upate uso wa kuja nao. Njoo na huohuo ulio nao. Njoo na Ian. Anaongea kidogo tu siku hizi, na asubuhi ndipo ana nguvu, kwa hiyo jaribu kufika mapema. Nimemwambia unakuja, kabla sijakuuliza.

Aliniuliza kazini wamekupa ruhusa ya siku ngapi. Nilimwambia wamekupa nyingi, kuliko zile za Sirisia, akafurahi sana, akasema basi hao watu wamekuwa wazuri. Ukifika usimwambie vingine.

Kaka yako,
Festus